Anayesikiliza Naye Asikilizwe: Washauri Nasaha wa Kisii na Nyamira

Ushauri nasaha ni kazi ya kumsikiliza mtu aliyeelemewa, kwa utaratibu uliosomewa na kwa muda uliopangwa, hadi mtu huyo ayaone matatizo yake kwa uwazi zaidi na kuamua mwenyewe hatua atakayoichukua. Mshauri nasaha hakati shauri kama wazee wa ukoo wanavyokata kesi ya mpaka wa shamba, wala haandiki dawa kama daktari wa magonjwa ya akili. Chombo chake cha kazi ni sikio lake, na chombo hicho, kama jembe, hulika kadiri kinavyotumika. Nchini Kenya kazi hii inatambuliwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili wenye taaluma hiyo na kuwapa leseni. Sheria hiyo inaeleza anayestahili kuitwa mshauri na asiyestahili, lakini kumpa mtu leseni ni jambo moja, na kumfanya aliye na leseni abaki kazini Nyamarambe au Ikonge baada ya miaka michache ya mwanzo ni jambo jingine. Mazungumzo haya yanahusu hilo la pili.

Unapotajwa ugumu wa kazi za vijijini, mawazo ya wengi hukimbilia Turkana, Mandera au Marsabit, ambako mtumishi wa umma huweza kusafiri siku nzima kabla ya kufika kituo chake, na ambako serikali humlipa marupurupu ya mazingira magumu kwa sababu hiyo. Milima ya Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, haina sura hiyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, msongamano unaokaribia ule wa viunga vya miji. Mvua hainyimi, migomba na chai vimeshikana hadi ukingoni mwa barabara, na boma moja husikia mtoto wa boma la pili akilia usiku. Kinachomlemea mshauri wa huku, kwa hiyo, ni ukaribu, na ukaribu haumo katika orodha yoyote ya mambo ambayo mtumishi hulipwa kwa kuyavumilia.

Uangaliwe mfano wa zahanati ya kawaida ya kijijini. Chumba anachopewa mshauri mara nyingi ndicho pia kinachohifadhi katoni za dawa na mizani ya kupimia watoto. Ukuta unaokitenga na chumba cha sindano ni wa mbao, na benchi la wanaosubiri limeegemezwa upande wa pili wa mlango, kiasi kwamba mteja akipandisha sauti kidogo tu, wenzake walio nje huacha kuzungumza. Mama anayeingia humo asubuhi kueleza kwamba mumewe anampiga ataonana tena na mshauri huyohuyo jioni kwenye kituo cha kupimia majani chai, kila mmoja na kikapu chake, kisha Jumamosi kanisani, kwa kuwa Waadventista ni wengi katika Gusii, kisha katika mkutano wa harambee ya karo ya mtoto wa jirani. Huenda pia mume anayelalamikiwa ni binamu wa mke wa mshauri. Wataalamu huiita hali hii uhusiano wa pande mbili, maana yake kwamba mtu mmoja ni mteja na wakati huohuo ni jirani, ndugu, mdai au muumini mwenza wa mshauri. Nchini Marekani, Janet Schank na Thomas Skovholt walichapisha mwaka 1997 utafiti juu ya wanasaikolojia wa vijijini na wa jamii ndogo, nao walionyesha kwamba huko mashambani kukutana na mteja nje ya chumba cha kazi ni sehemu ya maisha, wala hakuwezi kuhesabiwa kuwa kosa. Maadili ya taaluma yaliandikwa yakiwa na mji mkubwa akilini, na humtaka mshauri auepuke uhusiano wa aina hiyo; mshauri wa Nyamache hawezi kuuepuka bila kuhama, na wengine hatimaye huhama.

Lipo tena jambo ambalo mgeni halioni haraka. Abagusii, wenyeji wa milima hii, wana adabu inayoitwa chinsoni, yaani haya na heshima inayopanga nani aseme nini mbele ya nani. Kwa adabu hiyo, baba na mwanawe, mkwe wa kiume na mama wa mkewe, na kwa jumla watu wa kizazi cha wazazi na wale wa kizazi cha watoto, hawataji mbele ya wenzao mambo ya mwili na ya chumbani, ilhali bibi au babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana na kuulizana karibu kila kitu. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine, aliyeanza utafiti wake Gusii katikati ya miaka ya 1950, aliiandika adabu hiyo kwa kirefu, na wenyeji hawakuhitaji kitabu chake ili waijue. Sasa mshauri mwenye umri wa miaka 27, aliyetoka chuoni na stashahada yake, anaketishwa mbele ya mwanamume wa rika la baba yake ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya ugonjwa anaoona aibu kuutaja. Mzee akianza kuusema, anavunja heshima yake mbele ya kijana. Kijana akimuuliza, anamkosea mzazi. Na wote wawili wakinyamaza, mzee anarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Mshauri aliyekaa muda mrefu hujua njia ya kupita hapo. Hujua kumwachia mzee aanze kwa habari za mifugo na shamba hadi neno lenyewe lijitokeze kwa mafumbo, hujua kuyajibu mafumbo kwa mafumbo bila kuyafunua, na hujua wakati wa kumkabidhi mteja kwa mwenzake mwenye umri mkubwa zaidi bila mteja huyo kuona amefukuzwa. Ustadi huo haufundishwi katika vitabu vya darasani, ambavyo vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa watu wa desturi nyingine. Unarithiwa kazini, kutoka kwa aliyetangulia kwenda kwa anayefuata. Ndiyo sababu hasara ya kumpoteza mshauri wa namna hiyo haipimwi kwa idadi ya nafasi zilizo wazi. Kaunti inaweza kumwajiri mwingine mwezi unaofuata, mwenye vyeti vilevile na pengine bora zaidi, na bado iwe imepoteza miaka kumi ya maarifa ambayo hayakuandikwa popote.

Mambo yanayoletwa mbele ya washauri hawa ni mazito. Juni 2016 mabweni ya Shule ya Upili ya Wavulana ya Itierio, katika Kaunti ya Kisii, yaliteketea, na katika mwaka huohuo zaidi ya shule 100 nchini zilikumbwa na moto. Baada ya kila tukio la namna hiyo hubaki mamia ya wavulana au wasichana wanaopaswa kusikilizwa, wakiwemo walioshuhudia, walioshiriki na waliosingiziwa. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa katika eneo la Marani kwa tuhuma za uchawi, na baada ya mauaji kama hayo jamaa za waliouawa na jamaa za walioshukiwa huweza kubaki majirani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya wanawake wanane katika kila kumi wa jamii ya Abagusii, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, ingawa ukeketaji ulikuwa umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Tena katika Gusii kitendo hicho mara nyingi kimekuwa kikifanywa na watu wenye mafunzo ya afya, kwa hiyo mshauri anayemsikiliza msichana huenda anamfahamu aliyeshika wembe. Kuhusu kujiua, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipoamua, Januari 2025, kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote iliyotangulia, mshauri alimfariji mtu aliyeokolewa kutoka kwenye kamba huku mtu huyo akiuogopa mlango, kwa sababu kupitia mlango huo angeweza kuingia polisi.

Maumivu ya watu wengine, yakisikilizwa siku baada ya siku, hayaishii kwa anayeyasimulia. Mshauri huanza kuota ndoto ambazo si zake, hushtuka simu inapolia usiku, huwafungia binti zake ndani bila sababu wanayoielewa. Hicho ndicho kiwewe cha kubeba, yaani majeraha ya nafsi yanayompata mtu kwa kusikia tu yaliyowapata wengine. Nacho hutofautiana na uchovu wa kazi, hali iliyoelezwa mwaka 1974 na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliyekuwa akitoa huduma katika kliniki ya bure mjini New York, ambaye aliona watu wenye moyo mkubwa wa kujitolea ndio wanaoishiwa nguvu kwanza. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019, likiufafanua kuwa matokeo ya shinikizo la kazini lisiloshughulikiwa, wala si ugonjwa. Ufafanuzi huo una uzito, kwa sababu unauondoa mzigo wa lawama juu ya mtu aliyechoka na kuuweka juu ya mahali anapofanyia kazi.

Mahali hapo, kwa upande wa Gusii, pana wenyewe watatu wasiokaa meza moja. Mwalimu anayesimamia ushauri nasaha shuleni ni mwajiriwa wa Tume ya Huduma ya Walimu, ambayo ni chombo cha taifa. Mshauri wa hospitalini yuko chini ya serikali ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 iliigatua sehemu kubwa ya huduma za afya. Mshauri wa tatu, anayewapima watu virusi vya Ukimwi na kuwaandaa kuyapokea majibu, kazi iliyoenea nchini tangu vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari vilipoanzishwa mwaka 2001, kwa miaka mingi alilipwa na miradi ya wafadhili kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na katika kaunti nyingi za Kenya, za Nyanza zikiwemo, washauri wa miradi hiyo waliambiwa wakae nyumbani. Wateja wao hawakusimamishwa. Aliyekuwa amemzoea mshauri mmoja tangu siku ya kupokea majibu yake alifika kliniki akakuta kiti kitupu, na si kila mtu ana nguvu ya kuisimulia habari hiyo mara ya pili kwa mgeni. Hakuna hoja ya fedha inayoweza kuhalalisha huduma ya siri na ya kuaminiana kujengwa juu ya mkataba ambao mtu aliye ng'ambo anaweza kuufuta kwa saini moja.

Mwalimu wa ushauri nasaha ana shida ya namna nyingine. Ushauri shuleni ulipewa kitengo chake katika wizara ya elimu mwaka 1971, ukapendekezwa tena na ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, na ulipewa uzito mpya mwaka 2001 kiboko kilipoharamishwa, kwa kuwa ilitarajiwa kwamba maneno yangechukua nafasi ya fimbo. Fimbo iliondolewa, na mwalimu hakuongezewa muda. Katika shule nyingi anafundisha vipindi vyake vyote kama wenzake, kisha anategemewa kuwaona wanafunzi wakati wa mapumziko ya dakika chache au baada ya masomo, wakati mtoto wa shule ya kutwa anawahi nyumbani kabla ya mvua ya jioni. Wanafunzi nao humwona ubaoni asubuhi akitoa adhabu ya kuchelewa, na mchana wanaambiwa wamweleze siri zao. Wapo walimu wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu wa kustaajabisha, lakini uaminifu wa mtu mmoja haufai kutumiwa kama mpango wa taifa.

Msaada unaohitajika kwanza una jina katika taaluma hii: uangalizi wa kitaaluma. Maneno hayo yasichanganywe na ukaguzi, ambapo mkubwa wa kazi hupita kuhesabu mafaili na kuuliza kwa nini ripoti imechelewa. Uangalizi wa kitaaluma ni kikao cha faragha ambamo mshauri huketi na mshauri mwenye uzoefu zaidi, akamweleza kesi zinazomsumbua bila kutaja majina, akachunguza pamoja naye alikokosea na alikopatia, na akapewa nafasi ya kusema kwamba kesi fulani imemkosesha usingizi. Kanuni za taaluma humtaka kila mshauri awe na mwangalizi, hata akiwa na uzoefu wa miaka 20. Shida ni kwamba waangalizi waliofuzu wamejaa zaidi Nairobi na miji mingine mikubwa. Mshauri wa Etago anayetaka kuitimiza kanuni hiyo hulipa nauli ya matatu kutoka mfukoni mwake, hulipa ada ya kikao, na huomba ruhusa ya siku nzima kutoka kwa mkuu wa kituo ambaye huenda anadhani amekwenda kutembea. Simu hupunguza gharama, ingawa nayo huhitaji chumba ambacho sauti haipenyi nje, na chumba hicho, kama ilivyoelezwa, ndicho kisichokuwepo. Zaidi ya hayo, kesi za Gusii zina ukaribu ule uliotajwa: ni rahisi kuficha jina la mteja kwa mwangalizi aliye Nairobi, lakini kwa mwangalizi wa kijiji cha pili, kutaja tu kwamba mwanamume ana wake watatu na duka la vifaa vya ujenzi kunatosha kumtambulisha. Njia ifaayo ni makundi madogo yanayovuka mipaka, washauri wa Borabu wakutane na wa Gucha, wa Manga na wa Bobasi, chini ya mwangalizi asiye na ukoo wala shamba katika eneo la kesi zinazojadiliwa.

Zimbabwe imetoa somo ambalo mara nyingi husimuliwa nusu. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, kuwafunza akina nyanya kuwasikiliza watu wenye sonona wakiwa wameketi kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanaovutiwa na mpango huo husifu mabenchi na akina nyanya, na kwa watu wa chinsoni, ambao kwao bibi ndiye mwenye ruhusa ya kusikia kila kitu, mvuto huo unaeleweka. Sehemu inayosahaulika ni kwamba akina nyanya hao hawakuachwa peke yao: walikuwa na wasimamizi waliofunzwa wa kuwapelekea kesi ngumu, na walikutana wenyewe kwa wenyewe kujadili kazi yao. Kenya nayo, Septemba 2023, ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa vyao, wakilipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na serikali ya taifa na ya kaunti. Hao ndio wanaomwona mapema mjane asiyetoka nje na kijana aliyeacha kula. Wakiwapeleka kwa mshauri aliyechoka, au kwenye kiti kitupu, itakuwa wamewatembeza bure.

Mshahara wa heshima na ajira ya kudumu haviwezi kukwepwa, na uzito wa jambo hili umekwisha kutambuliwa: kikosi kazi cha afya ya akili kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga, kilichotoa ripoti yake mwaka 2020, kilipendekeza hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa na kaunti zikapewa wajibu ulio wazi zaidi. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba mshahara peke yake utamfunga mshauri kijijini. Analipwa vizuri na bado anaondoka yule ambaye hana ngazi ya kupanda, aliyeajiriwa kama mshauri na anayejua atastaafu kwa cheo hichohicho, au yule anayegeuzwa karani wa kadi siku ambazo karani hayupo. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko katikati ya eneo hili, na hakuna kinachozuia kaunti hizi mbili kukubaliana nacho kuwafunza washauri wazoefu waliopo wawe waangalizi, ili ngazi ya kupanda ipatikane bila mtu kulazimika kuhamia Nairobi. Katika mambo yote yanayoweza kufanywa, hilo ndilo lenye gharama ndogo na faida ya haraka, kwa kuwa linamheshimu aliyebaki na kumpa sababu ya kuendelea kubaki.

Kisii ina wadi 45 na Nyamira 20. Kila mwaka, kabla ya makadirio ya bajeti kufikishwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, wananchi hualikwa kutoa maoni, na wengi wanaohudhuria huomba barabara, daraja na taa za sokoni, mambo yanayostahili kuombwa. Wasikilizaji wa Keroka, Ogembo, Suneka, Kebirigo na Nyansiongo wanaombwa, mikutano hiyo itakapoitishwa tena, wasimame waulize jambo moja zaidi: katika makadirio haya, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya uangalizi wa washauri nasaha, na chumba chao kina mlango unaofungika?